Kupoza Kompyuta Ndogo kwa Maji Katika Joto na Chumvi ya Malindi

Kupoza kompyuta kwa maji ni kulihamisha joto la prosesa kutoka mahali padogo lilipobanana hadi mahali papana ambapo hewa inaweza kulichukua. Mtambo wake una sehemu chache. Bamba la shaba hukandamizwa juu ya prosesa, na ndani yake mna vijia vyembamba vya kupitisha maji. Pampu ndogo, ambayo mara nyingi hujengwa juu ya bamba hilohilo, huyasukuma maji kupitia mpira mmoja hadi kwenye rejeta, kisha yakarudi kwa mpira wa pili yakiwa yamepoa. Feni zilizofungwa kwenye rejeta hupuliza hewa katikati ya mapezi yake membamba.

Maji huchaguliwa kwa sababu yana uwezo mkubwa wa kubeba joto. Lita moja ya maji ikipanda nyuzi moja hubeba joto lipatalo mara 3,500 ya lile linalobebwa na lita moja ya hewa kwa nyuzi hiyohiyo. Pampu ikizungusha lita moja kwa dakika, na prosesa ikitoa wati 142, maji huongezeka takriban nyuzi 2 tu kila yanapopita juu ya bamba. Joto hilo halijapotea. Likifika kwenye rejeta ni lazima likabidhiwe hewa ya chumba, na hapo ndipo kazi yote inapoamuliwa. Chumba kikiwa na nyuzi 22, maji huanzia nyuzi 22. Chumba kikiwa na nyuzi 31, maji huanzia 31, na prosesa nayo hupanda kwa kiasi kichohicho.

Wateja wengi wa pwani hudhani kwamba maji ndani ya kompyuta huleta ubaridi kama maji ya mtungi. Mtungi hupoa kwa sababu maji hupenya udongo wake na kukauka kwa nje, na katika kukauka huko yanaondoka na joto. Ndiyo maana maji yake huwa baridi kuliko hewa inayouzunguka. Mzunguko wa maji wa kompyuta umefungwa, hakuna tone linalokauka, na kwa hiyo hauwezi hata siku moja kushuka chini ya joto la chumba. Anayenunua mtambo huu akitarajia mtungi atavunjika moyo. Anayeelewa kwamba amenunua mchukuzi wa joto atajua kwamba shughuli yake kubwa ni kumwandalia mchukuzi huyo mahali pazuri pa kuutua mzigo.

Njia yenyewe ni kongwe kuliko kompyuta za mezani. Kompyuta kubwa za IBM za miaka ya 1960, ikiwemo System/360 Model 91, zilipozwa kwa maji. Mwaka 1985 ilitoka Cray-2, ambayo saketi zake zilizamishwa kabisa ndani ya kioevu maalumu kisichopitisha umeme. Mwaka 2004 Apple iliuza Power Mac G5 iliyopozwa kwa kioevu, kompyuta ya mtu mmoja juu ya meza. Baada ya hapo ilienea mitambo iliyojazwa na kufungwa kiwandani, ambayo fundi huifunga tu kwa skrubu bila kumimina chochote. Hiyo ndiyo inayopatikana katika maduka ya Nairobi na Mombasa, na ndiyo inayofika Malindi kwa basi ikiwa ndani ya boksi lake.

Kompyuta iliyo msingi wa maelezo haya iliundwa mjini Malindi kwa kazi ya kuhariri video za harusi. Harusi za pwani huchukua siku kadhaa, kamera huwa zaidi ya moja, na wenye harusi hutaka picha zao mapema. Kazi hufululiza baada ya Idi na tena mwezi wa Desemba, wakati joto la kaskazi limeshaanza. Mwenye mashine alikuwa na wateja Kilifi pia, takriban kilomita 60 kusini, na mara nyingi alilazimika kuibeba kwenye matatu. Kompyuta ya mkononi ilishindwa na uzito wa kazi. Kompyuta kubwa ya mezani haibebeki. Ndipo likachaguliwa kasha la lita 18 hivi, la jamii ya NR200 ya Cooler Master, lenye bodi kuu ya Mini-ITX, ambayo ni mraba wa milimita 170 kwa 170.

Ndani yake iliwekwa prosesa ya Ryzen 7 5800X na kadi ya michoro ya RTX 3060. Prosesa hiyo imepewa kiwango cha wati 105, lakini bodi huiruhusu kuchukua hadi wati 142 ikifanya kazi kwa nguvu zote, na kikomo chake cha joto ni nyuzi 90. Viini vyake vyote 8 vimo katika kipande kimoja cha silikoni chenye eneo la takriban milimita za mraba 80, kwa hiyo joto jingi hutokea mahali padogo sana. Kadi ya michoro huchukua wati 170. Jumla ni wati 312, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto ndani ya kasha.

Hesabu fupi inaonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Ili kuondoa wati 312 kwa hewa ambayo itapanda nyuzi 10 tu kati ya kuingia na kutoka, zinahitajika takriban lita 26 za hewa kila sekunde. Kasha zima ni lita 18, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo imeshikwa na vyuma. Hewa yote iliyomo inapaswa kubadilishwa zaidi ya mara moja kwa sekunde. Kasha kubwa husamehe njia ya hewa iliyozibwa nusu. Kasha dogo halisamehi.

Kwa upande mmoja Malindi ina nafuu ambayo haitambuliwi. Mji uko usawa wa bahari, na hewa yake ni nzito kuliko ya Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu. Feni ileile, ikizunguka kwa kasi ileile, hubeba joto zaidi Malindi kwa kila lita ya hewa. Nafuu hiyo, hata hivyo, humezwa na joto la hewa yenyewe. Miezi ya Februari na Machi mchana hufikia nyuzi 31 au 32 nje, na chumba cha bati kisicho na dari hupita hapo. Tofauti ya nyuzi 9 au 10 kati ya chumba cha Nairobi na cha Malindi huingia moja kwa moja katika kipimo cha prosesa.

Kabla ya kununua mtambo, kazi ya kwanza ni kupima. Rejeta inayouzwa kama ya milimita 240 ina urefu halisi wa takriban milimita 275, kwa sababu vichwa vyake viwili huongeza urefu. Unene wa kawaida ni milimita 27, na feni ya kawaida huongeza milimita 25, hivyo jumla ni milimita 52. Nafasi hiyo lazima ipatikane bila kugusa kadi ya michoro, nyaya za kisanduku cha umeme wala vijiti vya memori. Mipira nayo haikunjwi kama kamba: ikipindwa kwa pembe kali hujibana, na maji hupita kwa shida. Katika kasha hili rejeta ilikaa ubavuni, na mipira ilihitaji kupinda mara moja tu, taratibu, ikipita mbele ya memori.

Fundi aliyeifunga alikata kipande cha boksi kwa vipimo vya rejeta pamoja na feni zake, akakiingiza ndani ya kasha likiwa tayari na kadi ya michoro. Kipande hicho kilionyesha kwa dakika chache kwamba waya mnene wa umeme wa bodi ungegusana na ukingo wa feni. Waya ukapitishwa nyuma ya bodi kabla ya kitu chochote kufungwa. Boksi halina gharama. Mtambo ulioagizwa kutoka mbali na kukosa nafasi una gharama ya kuurudisha na siku za kazi zinazopotea.

Baada ya vipimo huja uamuzi wa mwelekeo wa hewa. Feni za rejeta zinaweza kuvuta hewa ya nje kuingia ndani, au kusukuma hewa ya ndani kwenda nje. Zikiingiza, rejeta hupata hewa ya chumba ikiwa safi, na prosesa hupoa vizuri zaidi. Lakini hewa iliyotoka kwenye rejeta ikiwa moto hupelekwa juu ya kadi ya michoro. Zikitoa, rejeta hupata hewa iliyokwisha kupashwa na kadi, lakini joto lote hutoka nje mara moja. Njia zote mbili zilijaribiwa kwa kutoa video ileile ya harusi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa kutoa nje, prosesa ilizidi joto kidogo, huku kadi ya michoro ikipoa waziwazi na feni zake zikituliza kelele. Kazi ya video hutumia vyote viwili, basi njia ya kutoa nje ikachaguliwa. Kwa kazi inayoelemea prosesa peke yake, uamuzi ungeweza kuwa mwingine. Jambo la msingi ni kuijaribu mashine kwa kazi yake halisi, kwa sababu programu za majaribio huielemea sehemu moja na kuisahau nyingine.

Jambo la tatu la kuamua ni mahali pa pampu. Kila mtambo uliofungwa huwa na hewa kidogo ndani, na hewa hupanda juu siku zote. Sehemu ya juu kabisa ya rejeta inapaswa kuwa juu kuliko pampu, ili mapovu yakusanyike kwenye kichwa cha rejeta yasikodhuru. Pampu ikiwa ndiyo iliyo juu, mapovu huingia ndani yake, nayo huanza kukoroma, hupoza vibaya na kuchakaa mapema. Kompyuta inayobebwa kwenye gari huinamishwa huku na huku njiani. Ikifika, huachwa isimame wima kwa muda kabla ya kuwashwa.

Kazi ya kufunga yenyewe huanza kwa kuondoa feni ya zamani. Prosesa za Ryzen za kizazi hiki zina pini 1,331 upande wa chini, na soketi yake huzishika kwa kuzibana tu kutoka pembeni. Grisi ya joto ikishakauka huwa kama gundi. Mtu akiivuta feni kwenda juu kwa nguvu, prosesa hung'oka pamoja nayo ingawa soketi imefungwa, na pini hupinda. Njia salama ni kuifanyisha kompyuta kazi kwa dakika kadhaa ili grisi ilainike, kuizima na kuchomoa waya wa umeme, kisha kuizungusha feni kidogo kulia na kushoto hadi ilegee, ndipo inyanyuliwe.

Uso wa prosesa husafishwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Grisi mpya huwekwa katikati, tone lenye upana wa milimita 4 au 5, nalo husambaa lenyewe bamba linapokandamizwa. Chini ya bamba huwa na karatasi ya plastiki ya kulilinda. Isipobanduliwa, joto halipiti, na kompyuta hujizima dakika chache baada ya kuanza kazi. Skrubu hukazwa kwa mshazari, kila moja mizunguko michache kwa zamu, ili bamba lishuke sawasawa. Mkono unatosha, kukaza kupita kiasi hupinda bodi.

Nyaya mbili hufuata. Waya wa pampu huchomekwa kwenye pini zilizoandikwa AIO_PUMP au CPU_FAN, na katika mipangilio ya bodi huamriwa kwenda kwa kasi kamili wakati wote. Pampu hizi zimetengenezwa kwa mwendo huo, na kuzipunguza kasi hakuleti faida inayoonekana. Feni za rejeta huchomekwa penginepo na kupangiwa kupanda taratibu. Joto la prosesa hurukaruka kwa sekunde, lakini maji hupata moto polepole kwa dakika kadhaa. Feni zikifuata kila mruko hupiga kelele ya kupanda na kushuka bila kuongeza ubaridi wowote. Zikicheleweshwa sekunde kadhaa, chumba hutulia na kipimo hubaki palepale.

Wapo wanaopenda kuunda mzunguko wao wenyewe, wenye tangi, mabomba na viungo wanavyovichagua. Kwa pwani njia hiyo ina swali moja zito: maji yatoke wapi. Maji ya mfereji ya Malindi na Kilifi hutoka kwenye visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na visima vingi vya majumbani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa. Maji ya visima hivyo huwa na chokaa, na karibu na ufuo huwa na chumvi pia. Yakipashwa joto huacha ukoko ndani ya vijia vyembamba vya bamba, na chumvi huila metali. Kinachofaa ni maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari, yakichanganywa na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Mnunuzi asome chupa vizuri, kwa kuwa asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo.

Katika mzunguko wa kujitengenezea, shaba na alumini hazichanganywi. Metali hizi mbili zikiunganishwa na maji hufanya betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Mitambo mingi ya kiwandani ina bamba la shaba na rejeta ya alumini, nayo hudumu kwa sababu kioevu chake kimetiwa dawa mahususi na hakifunguliwi. Kuuongezea mtambo wa aina hiyo maji ya kawaida ni kuyaondoa makali ya dawa hiyo. Mzunguko mpya hujaribiwa pampu pekee ikiwa na umeme, karatasi za shashi zikiwa zimetandazwa chini ya kila kiungo kwa saa 24. Tone dogo huonekana kwenye karatasi mapema kuliko linavyoonekana kwa jicho kwenye bodi.

Baada ya kufungwa, adui mkubwa wa mtambo Malindi huwa chumvi. Upepo wa bahari hubeba chembe zake hadi ndani ya nyumba, na chumvi ya kawaida ina tabia moja inayofaa kujulikana na kila fundi wa pwani: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, huvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe. Chumvi nyingine zilizomo katika maji ya bahari hufanya hivyo hata unyevu ukiwa mdogo zaidi. Malindi unyevu huvuka kiwango hicho mara kwa mara, hasa usiku. Chembe iliyokuwa kavu mchana kwenye pezi la rejeta huwa tone la maji ya chumvi alfajiri, na tone hilo hutoboa utando unaoilinda alumini. Dalili yake ni unga mweupe unaoanza kwenye kingo za mapezi, upande ule hewa inakoingilia.

Chumvi hiyo haiondoki kwa kupulizwa, kwa sababu imeshikamana na metali. Vumbi hupulizwa kwanza, kutoka ndani kwenda nje, feni zikiwa zimeshikwa kwa kidole zisizunguke. Kisha mapezi hupitiwa kwa brashi laini iliyoloweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi wala chokaa, rejeta ikiwa imetolewa kwenye kasha, na huachwa ikauke kabisa. Kazi hii hufaa kufanywa kaskazi inapokwisha, na tena baada ya kusi. Kompyuta iliyo kwenye nyumba inayotazama bahari huihitaji mara nyingi zaidi kuliko iliyo barabara za ndani.

Pamoja na chumvi huja mchanga na wadudu. Sabaki hushusha udongo mwingi baharini, upepo huurudisha ufukweni ukiwa mchanga laini, na vilima vya mchanga vya Mambrui ni ushahidi wa kazi yake. Sisimizi hupenda joto la kasha, na mjusi kafiri huingia kupitia tundu lolote la upana wa kidole. Mjusi aliyekufa juu ya bodi huunganisha njia za umeme zisizopaswa kuungana. Wavu mwembamba kwenye kila tundu huzuia mchanga na wadudu. Wavu hupunguza hewa, hivyo husafishwa mara kwa mara. Wavu uliojaa vumbi ni sawa na tundu lililozibwa.

Hofu ya umande ndani ya mashine, ambayo wateja huitaja sana, haina msingi katika matumizi ya kawaida. Umande hutokea juu ya kitu kilicho baridi kuliko hewa, na maji ya mtambo huu daima ni ya moto kuliko hewa. Hatari iko kwingine. Kompyuta iliyokaa usiku kucha katika chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 22 ikitolewa nje kwenye hewa ya nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, hupata umande mara moja, kwa kuwa hewa ya namna hiyo hutoa maji juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26. Mashine hii ya Malindi ilihamishwa mara nyingi kutoka ofisi zenye kiyoyozi. Kabla ya kutolewa ilifungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kukazwa mdomo. Umande ukafanyika juu ya mfuko, ukafutwa, na mfuko ukafunguliwa mashine ikishapata joto la mahali ilipofika.

Mahali pa kuiweka kompyuta panaamua mengi kuliko aina ya mtambo. Meza iliyo wazi pande zote ni bora kuliko kabati. Ubavu wa rejeta huhitaji nafasi ya kutosha kutoka ukutani ili hewa iliyotoka moto isirudi ndani. Dirisha linaloelekea bahari huleta hewa nzuri na chumvi kwa pamoja, basi mashine huwekwa pembeni ya njia ya upepo, mahali inapopata hewa mpya bila kupigwa moja kwa moja. Chumba kilichofungwa hupanda joto kwa wati 312 zilezile: mtambo umelitoa joto kwenye kasha, na sasa chumba ndicho kinachohitaji kulitoa. Dirisha la upande wa pili likifunguliwa, au feni ya dari ikiwashwa, kipimo cha prosesa hushuka bila kugusa kompyuta.

Faida kubwa kuliko zote ilipatikana bila kifaa chochote. Prosesa ya 5800X inaweza kuamriwa, ndani ya mipangilio ya bodi, ifanye kazi kwa kiwango cha wati 65, ambapo kikomo chake halisi huwa wati 88 badala ya 142. Joto la prosesa la kuondolewa hupungua kwa zaidi ya theluthi moja, huku muda wa kutoa video ukirefuka kwa sehemu ndogo kuliko hiyo. Silikoni inaposukumwa karibu na kikomo chake hutumia umeme mwingi kwa kasi kidogo inayoongezeka. Miezi ya kaskazi mashine iliendeshwa kwa kiwango hicho cha chini, na kusi ilipoingia ikarudishwa kwenye nguvu zake. Joto ambalo halikuzalishwa halihitaji maji, feni wala rejeta, na bili ya umeme hupungua pamoja nalo.

Mtambo uliofungwa una umri wake. Maji hupenya kidogokidogo kwenye kuta za mipira, kwa kasi zaidi yakiwa ya moto, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi 60 kwa kioevu chenyewe. Dhamana zao kwa kawaida ni kati ya miaka 3 na 6. Pwani, ambako maji huanza safari yake yakiwa na nyuzi 31, ni busara kuutarajia mtambo uishi upande wa chini wa umri huo. Dalili za uzee ni tatu: sauti ya mapovu ambayo haiishi hata kasha likisimamishwa wima, prosesa inayopanda joto haraka ingawa rejeta ni safi, na mpira mmoja kuwa wa moto huku wa pili ukiwa baridi, maana yake maji yamesimama. Hakuna ukarabati wa maana kwa mtambo usiofunguka. Hubadilishwa.

Kwa hayo yote, swali la nani aufunge mtambo huu linaweza kujibiwa kwa uwazi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi anayeandika kazi zake na kufanya hesabu za kawaida hauhitaji. Prosesa ya wati 65 yenye feni nzuri ya shaba na alumini itamtosha, na sehemu pekee itakayokufa ni feni, ambayo huuzwa popote. Mwenye kasha kubwa na nafasi mezani hauhitaji pia, kwa kuwa feni ndefu ya mnara hupoza karibu sawa nao na haina pampu ya kuharibika. Unamfaa yule ambaye kasha lake ni dogo kiasi kwamba juu ya prosesa hapana nafasi ya feni ndefu, anayeielemea mashine kwa saa nyingi mfululizo, na anayeibeba barabarani, ambako pande la chuma lenye uzito wa kilo moja juu ya bodi lingetikisika na kuivunja. Mtu huyo akipima kabla ya kununua, akaiweka pampu chini ya kichwa cha rejeta, akapunguza wati wakati wa kaskazi na kuosha chumvi kila msimu wa upepo unapobadilika, kompyuta ndogo itafanya Malindi kazi ileile inayofanywa na kompyuta kubwa kwenye chumba chenye kiyoyozi.